Neno Lililovaa Nguo ya Kuazima



Kuna swali ambalo kwa kulitazama mara ya kwanza laonekana kuwa la walimu wa lugha tu, kumbe ni swali la dhamiri. Nalo ni hili: Mtu akikiita kitu kwa jina la kitu kingine, je, amesema kweli au amesema uongo? Mama amwita mtoto wake taa ya nyumba. Lakini mtoto hana utambi wala mafuta. Karani amwambia mtu aliyekuja kutafuta cheti, "Basi, leta chai". Lakini hataki majani wala maji ya moto. Wote wawili wametumia jina lisilo la kitu chenyewe. Mbona basi tukimsikia mama twafurahi, na tukimsikia karani twaona uzito moyoni? Yafaa tutafute sababu ya tofauti hiyo, maana maneno ya namna hii twayatumia kila siku, sokoni Kadutu, mpakani Ruzizi, shuleni na nyumbani.

ISTIARI NI KITU GANI

Wataalamu wa Kiswahili huliita jambo hili istiari, na wengine husema sitiari. Neno hilo limetoka katika Kiarabu, na maana yake ya asili ni kuazima. Wayunani wa kale waliliita kwa jina lenye maana ya kuhamisha, yaani kutoa kitu hapa na kukipeleka pale. Hata leo huko Ugiriki magari ya kuhamisha vyombo vya nyumba huandikwa neno hilo hilo ubavuni. Waingereza na Wareno walilipokea jina la Wayunani: Mwingereza husema "metaphor", Mreno husema "metáfora". Mwanafilosofia Aristoteli, aliyefariki mwaka 322 kabla ya Kristo, alifundisha katika kitabu chake juu ya ushairi kwamba istiari ni kukipa kitu jina lililo la kitu kingine. Akasema pia kuwa kuzitunga vizuri ni dalili ya akili, kwa kuwa mtunzi hana budi kuona ufanano ambao wengine hawajauona.

Basi tunayo majina mawili, kuhamisha na kuazima. Sisi twapenda zaidi hilo la kuazima, maana ndani yake mna funzo. Mtu akiazima sufuria kwa jirani, mambo matatu yampasa. Kwanza aiombe waziwazi, asiichukue kwa siri. Pili aitumie kwa kazi ya sufuria. Tatu airudishe nzima na safi. Msomaji ayaweke moyoni mambo hayo matatu, maana tutayarudia.

Wala tusidhani kwamba istiari ni pambo la washairi peke yao. Waingereza huuzungumzia wakati kana kwamba ni fedha: husema wanautumia, wanauweka akiba, wanaupoteza kwa ubadhirifu. Mwaka 1980 wataalamu wawili wa Marekani, George Lakoff na Mark Johnson, walitoa kitabu juu ya istiari, wakaonyesha kwamba mtu hufikiri kwa istiari, na kama anavyofikiri ndivyo anavyotenda. Anayeuona wakati kuwa fedha atahesabu saa kama mchuuzi anavyohesabu noti. Wareno nao, wakimwona mtu anayevumilia matusi ya mkubwa wake bila kujibu, husema kuwa mtu huyo "anameza vyura". Anayesikia neno hilo hahitaji maelezo. Amekwisha kuonja chura kooni mwake. Nasi Waswahili tukimwona mchoyo twasema ana mkono wa birika, nao mkono huo waonekana mbele ya macho yetu, umekunjwa, hauwezi kunyooka kumpa mtu kitu.

Hapo twaona kazi halisi ya istiari. Kitu ambacho hakionekani, kama uchoyo, uchungu wa dharau au upesi wa maisha, yakivuta karibu na jicho, na pua, na ulimi. Istiari ni kama taa.

KUSEMA KWA MFANO SI UONGO

Amri ya nane yakataza uongo. Lakini uongo ni kusema kinyume cha kweli kwa nia ya kumdanganya mwenzako. Bwana wetu alipomwita Herode mbweha, hakuna aliyekwenda kumtazama Herode kama ana mkia. Kila mtu alielewa: huyu ni mjanja, na ni mharibifu wa mazizi. Neno lile lilikuwa kweli kuliko kama angemwita tu mtawala wa Galilaya.

Mtakatifu Thoma wa Akwino, katika sehemu ya kwanza ya kitabu chake kikuu cha teolojia, aliuliza swali hili hili: Je, yafaa Maandiko Matakatifu yatumie istiari? Akajibu kwamba yafaa, kwa sababu mwanadamu huyafikia mambo ya roho kwa kupitia vitu vinavyoshikika. Kisha akaongeza jambo la kushangaza. Alisema ni afadhali mambo ya Mungu yafananishwe na vitu vya chini kuliko vitu vya fahari. Kwa nini? Kwa kuwa Mungu akifananishwa na mwamba au na simba, hakuna mtu atakayefikiri kwamba mfano ndio kitu chenyewe. Yaani istiari njema haifichi kwamba imeazima. Yasimama mlangoni na kusema: mimi ni mfano, pita uende mpaka kwenye kitu chenyewe.

Mfano mkubwa kupita yote ni ule wa nabii Natani. Mfalme Daudi alikuwa amemtwaa mke wa Uria, akapanga Uria auawe vitani. Nani angethubutu kumkaripia mfalme? Natani alimsimulia habari za maskini aliyekuwa na mwana-kondoo mmoja tu, na tajiri mwenye makundi, ambaye alimnyang'anya maskini yule kondoo wake ili amkaribishe mgeni. Daudi akawaka hasira, akamhukumu tajiri yule afe. Ndipo Natani akamwambia kuwa tajiri yule ni yeye Daudi. Istiari ilimwingiza mfalme katika nyumba ya kweli kabla hajajua kwamba nyumba ile ni yake.

CHAI, MAFUTA NA GLAVU

Sasa tugeuke upande wa pili. Liko jambo moja ambalo katika nchi nyingi za dunia watu hawapendi kulitaja kwa jina lake, nalo ni rushwa. Tazama jinsi linavyotafuta nguo.

Mwingereza asema kwamba rushwa ni kupaka kiganja mafuta, au aiita kitu cha kutia utamu. Mreno naye asema kupaka mikono mafuta; tena ana neno jingine, "luvas", maana yake glavu, vazi la kufunika vidole. Mfaransa asema mtungi wa divai. Huko Brazil ni kikombe kidogo cha kahawa. Angola ni "gasosa", Msumbiji ni "refresco", na yote mawili ni soda, kinywaji cha kuburudisha koo. Wakenya husema chai, au kitu kidogo. Watanzania husema kuzunguka mbuyu, maana nyuma ya shina nene namna ile watu wawili hawaonekani. Kinshasa, kwa Kilingala, ni "madesu ya bana", maharagwe ya watoto.

Na sisi huku tunalo neno letu la zamani, matabishi. Wengi hulitumia bila kujua lilikotoka. Nalo ni neno la Wareno, ndugu wa yale mengine tuliyoyapokea kwao, kama meza, bendera na leso. Wareno wana neno "mata-bicho". "Mata" ni kuua, na "bicho" ni mdudu au kinyama kidogo. Mtu aliyekunywa tone la pombe kali asubuhi, tumbo likiwa tupu, alisema kwamba ameua mdudu, yaani yule anayemnung'unikia tumboni. Wafaransa wana mzaha kama huo huo. Baadaye Angola na Msumbiji neno hilo likawa na maana ya chakula cha asubuhi, na hata leo lina maana hiyo. Wareno walifika kwenye mlango wa mto Kongo tangu siku za Diogo Cão, miaka ya 1480, na neno lao likaingia katika lugha zetu. Katika Kongo likawa zawadi ndogo juu ya malipo: umenichukulia mzigo vizuri, haya, kaue mdudu. Hapo hapakuwa na dhambi. Lakini polepole neno lilivuka. Zawadi iliyotolewa baada ya kazi, kwa hiari, ikawa sharti linalotangulia kazi, kwa kulazimishwa. Neno likabaki lile lile. Mdudu hakufa, amenenepa, na sasa yeye ndiye anayelishwa.

Hata neno la Kiswahili hongo lilipita njia ya namna hiyo. Katika karne ya 19, misafara iliyotoka pwani kwenda bara iliwalipa watemi hongo ili ipite katika nchi zao. Ilikuwa kodi ya njia, iliyojulikana, iliyobishaniwa mchana mbele ya watu. Leo hongo ni kitu cha gizani.

KILICHOAZIMWA NI UKARIMU

Mtu akiyatazama maneno hayo yote pamoja, ataona jambo. Karibu yote ni ya chakula na kinywaji: chai, kahawa, soda, divai, maharagwe. Tena ni madogo: kikombe kidogo, kitu kidogo. Mbona hakuna anayeiita rushwa jembe, au shoka? Ni kwa sababu chai na maharagwe ni vitu vya ukarimu. Mgeni akija nyumbani kwetu humpa kikombe kabla ya kumwuliza shida yake. Hilo ndilo jambo jema kuliko mengi tuliyorithi kwa wazee wetu, na ndilo rushwa imekuja kuliazima.

Sasa tazameni hila yake. Neno chai likishatamkwa mbele ya meza ya karani, watu wawili wamebadilishwa sura. Anayedai si mnyang'anyi tena. Ni mgeni mwenye kiu. Anayedaiwa si mtu aliyedhulumiwa tena. Ni mwenyeji, na yampasa atimize wajibu wa mwenyeji. Akitoa, ametenda ukarimu. Akikataa, ni mchoyo, mtu wa mkono wa birika! Hivyo mwenye haki aona haya, na asiye na haki acheka. Neno moja dogo limegeuza mizani juu chini, na hakuna hata sauti iliyopandishwa.

Twaweza kuuliza: Je, karani amemdanganya yule mtu? Hapana. Wote wawili wanajua vizuri ni kitu gani kinachotakiwa, tena ni kiasi gani. Kwa sheria ya uongo tuliyoitaja, hapa hakuna aliyedanganywa. Basi nguo imevaliwa kwa ajili ya nani? Twajibu: imevaliwa kwa ajili ya msemaji mwenyewe. Mtu hawezi kuamka kila asubuhi, akajiosha, akajisemea, "Leo nakwenda kumnyang'anya mjane." Lakini aweza kusema, "Leo nitapata ya chai," na akatoka nyumbani akiimba. Istiari ya namna hii haisemwi ili mwenzako asielewe. Yasemwa ili dhamiri ya msemaji isiamke. Ni taa iliyogeuzwa kuwa pazia. Katika Kitabu cha Kutoka, sura ya 23, Musa aonya juu ya zawadi za mahakimu kwamba zawafanya vipofu wale waliokuwa wakiona. Upofu huo waanzia katika jina.

LAKINI NJAA SI MANENO

Msomaji mwingine atatujibu hivi: "Ninyi mwasema tu. Askari anayesimama juani mchana kutwa, na mshahara wake hautoshi, au haujafika, afanyeje? Watoto wake wanataka maharagwe kwelikweli. Hilo si pazia, hiyo ni kweli."

Jibu hilo lina nguvu, wala hatutalipita kando. Ni kweli kwamba watoto wale wana njaa. Neno maharagwe ya watoto limesema kweli, lakini limesema nusu yake. Limewaonyesha watoto wa upande mmoja, likawaficha wa upande wa pili. Mama aliyesimamishwa na kikapu chake cha nyanya, yeye naye ana watoto, na jioni sufuria yao itapungua kwa kadiri ile ile. Maharagwe hayakuongezeka duniani. Yamehamishwa tu kutoka chungu hiki kwenda chungu kile, na aliyehamishiwa ni mwenye bunduki au mwenye muhuri.

Tena neno hilo lamficha mtu wa tatu, ambaye hayuko barabarani kabisa: yule aliyetakiwa kumlipa askari mshahara wake naye hakumlipa. Maadamu askari apata maharagwe njiani, huyo mkubwa hataulizwa kitu. Basi neno la mzaha analolitumia askari lamlinda mtu yule yule anayemdhulumu. Mtakatifu Yakobo, alipoandika juu ya matajiri wanaozuia ujira wa vibarua wao, aliupa ujira huo sauti, akasema wapiga kelele mpaka kwa Mungu. Hiyo nayo ni istiari. Lakini tofauti ni kubwa sana: istiari ya Yakobo yaipa njaa sauti imfikie mwenye hatia, na istiari ya maharagwe yaifunga njaa kinywa, imalizwe kwa maskini mwingine.

Sisi wa shule na parokia nasi tujitazame. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, Serikali iliposhindwa kuwalipa walimu, wazazi walianza kuwalipa wao, na fedha hizo zikaitwa "motivation", yaani kitu cha kumtia mwalimu moyo. Hazikuwa rushwa, maana kiasi kilijulikana na kilikubaliwa mbele ya watu. Lakini jina lilikuwa laini kuliko mzigo. Lilimfanya mzazi aonekane kama anampa mwalimu zawadi, kumbe alikuwa akibeba deni la nchi nzima mgongoni mwake. Serikali ilitangaza elimu ya msingi kuwa ya bure mwaka 2019. Kabla ya hapo, watoto wangapi walirudishwa nyumbani kwa ajili ya neno lile laini?

Kuna na nguo nyingine, ya kifahari zaidi, nayo ni neno ugonjwa. Mwezi wa Novemba 1977, Rais Mobutu alihutubia juu ya kile alichokiita kwa Kifaransa "le mal zaïrois". Neno "mal" lina maana ya ubaya, na lina maana ya ugonjwa pia. Katika hotuba ile alikiri waziwazi kwamba nchini kila kitu kilikuwa kinauzwa na kununuliwa. Maneno hayo yalikuwa ya kweli. Lakini tangu hapo watu wamezoea kusema kwamba nchi ni mgonjwa. Na ugonjwa, wasomaji, haumtii mtu hatiani. Mwenye malaria hakutubu, alimeza dawa. Nchi ikiwa mgonjwa, basi sote tu wagonjwa, mkubwa na mdogo, mwenye kula na mwenye kuliwa, na hakuna wa kuulizwa. Mwizi kitandani na mwenye mali kitandani, wote waombewe uponyaji! Twaona kwamba hata neno linalolalamika laweza kuficha.

WALIOLIVUA NENO NGUO YAKE

Hata hivyo istiari yenyewe yaweza kuuponya ubaya wa istiari. Tulisema kwamba Mwingereza huiita rushwa mafuta ya kiganja. Lakini Mwingereza mwingine, Shakespeare, katika mchezo wake juu ya Julius Caesar, alimfanya Brutus amlaumu rafiki yake Cassius kwa sababu ya fedha za namna hiyo, akimwambia kwamba kiganja chake kinawasha. Kiganja ni kile kile! Mmoja amekipaka mafuta, kikang'aa. Mwingine ameonyesha upele wake. Lugha moja, kiungo kimoja cha mwili, na maneno mawili: la kwanza lafunika, la pili lafunua.

Kwa Wareno pia ni hivyo. Lugha iliyotupa matabishi ndiyo lugha ya Padri António Vieira, Mjesuiti aliyezaliwa Lisbon mwaka 1608. Mwaka 1655 alihubiri Lisbon, mbele ya wakubwa wa ufalme, juu ya yule mwizi mwema aliyesulubiwa pamoja na Bwana. Akasimulia habari ya Mtakatifu Fransisko Xaveri, jinsi alivyomwandikia mfalme kwamba watumishi wake huko Uhindi walikuwa wakilinyambua tendo la Kilatini lenye maana ya kunyang'anya katika namna zake zote. Vieira akaendelea na mfano huo wa sarufi, kama mwalimu mbele ya ubao: wananyang'anya kwa kuamuru, wananyang'anya kwa kutamani, wananyang'anya kwa wakati uliopo, uliopita na ujao. Wale waliosoma Kilatini utotoni bila shaka hawakuisahau sarufi ile. Hakutafuta neno laini. Alilichukua neno gumu lenyewe, kunyang'anya, akalizungusha mbele yao mpaka wakaliona pande zote.

Na katika nchi yetu? Mwezi wa Machi 1976, Askofu Mkuu Eugène Kabanga wa Lubumbashi aliandika barua kwa waamini wake, yenye jina "Je suis un homme", yaani Mimi ni mtu. Tazameni jina lilivyo tupu, halikuazima kitu. Ndani yake aliuliza kwa nini mtu hapati haki mahakamani bila kumlipa hakimu, kwa nini wafungwa wamesahauliwa gerezani kwa kukosa mtu wa kuwalipia, na kwa nini ofisini watu waambiwa warudi kesho na kesho kutwa. Hakutaja chai wala matabishi. Alitaja hakimu, mfungwa, ofisi, na fedha. Kwa wakati ule, kulikuwa na hatari katika kutaja vitu kwa majina yake.

MTU WA GOMA

Kwa hatari hiyo twamkumbuka kijana wa ng'ambo ya pili ya ziwa letu la Kivu, Mwenyeheri Floribert Bwana Chui. Alizaliwa Goma mwaka 1981, akasoma sheria, akaajiriwa katika ofisi ya Serikali inayokagua bidhaa zinazoingia nchini. Kazi yake ilikuwa kutazama kama bidhaa zimeharibika. Alikuwa pia mtu wa jumuiya ya Sant'Egidio, na aliwapenda watoto wa barabarani. Mwaka 2007 alitakiwa aruhusu chakula kilichooza kipite mpakani, naye angepewa fedha. Alikataa. Mwezi wa Julai alitekwa, akateswa, akauawa, naye alikuwa na miaka 26. Tarehe 15 Juni 2025 alitangazwa mwenyeheri huko Roma, katika basilika ya Mtakatifu Paulo nje ya Kuta.

Kabla ya kufa kwake alikuwa amezungumza na mtawa mmoja rafiki yake juu ya fedha zile. Hoja yake ilikuwa nyepesi kabisa: fedha zingekwisha upesi, lakini wale ambao wangekula chakula kile, wangekuwaje? Hapo ndipo lilipo fundisho lote tulilotaka kulisema. Fedha ile ingaliweza kuitwa kwa jina lolote, tamu au laini. Yeye alitazama nyuma ya jina, akaona midomo ya watu. Neno chai laonyesha kikombe cha mtu mmoja. Yeye aliona sahani za maelfu.

MASWALI MATATU

Turudi sasa kwenye sufuria ya jirani. Tulisema kwamba anayeazima aombe waziwazi, atumie kwa kazi yake, na arudishe kikiwa kizima. Basi msomaji akitaka kulipima neno la mfano, kinywani mwake au mwa mwenzake, na aulize maswali matatu.

La kwanza: Je, neno hili laweza kuwekwa karibu na jina lake halisi bila kuona haya? Mama aweza kusema, "Huyu ni mtoto wangu, ni taa ya nyumba." Karani hawezi kusema, "Hii ni rushwa, ni chai yangu." Akiulizwa kwa upole, "Haya ni malipo ya Serikali? Basi naomba risiti," nguo huanguka yenyewe. Wazee walisema kwamba nguo ya kuazima haisitiri maungo.

La pili: Je, neno hili laleta kitu karibu na macho yangu, au lakipeleka mbali? Kondoo wa Natani alimleta Uria karibu. Maharagwe ya watoto yampeleka mbali yule mama mwenye kikapu.

La tatu: Je, neno lililoazimwa larudi zima? Hilo twalisahau mara nyingi. Tukiisha kuliita tendo baya chai, siku mtu atakapotukaribisha chai ya kweli kwa moyo safi tutamtazama na kujiuliza anataka nini kwetu. Hivyo tumeharibu vitu viwili: haki, na ukarimu tuliouazima.

Twajua vizuri kwamba si kila mtu aweza kufanya kama Floribert, na kwamba anayenyang'anywa si sawa na anayenyang'anya. Mama aliyelazimishwa kulipa ili apitishe mzigo wake, au apate cheti ambacho ni haki yake, hana hatia ya aliyemlazimisha. Lakini hata yeye ana jambo moja ambalo hakuna askari wala karani anayeweza kumnyang'anya, nalo ni jina la tendo. Arudipo nyumbani jioni, na watoto wamwulize kwa nini amechelewa na kwa nini fedha zimepungua, asiwaambie, "Nilitoa chai." Awaambie, "Nimenyang'anywa." Watoto waliolelewa kwa neno hilo la pili, siku watakapokaa wenyewe nyuma ya meza yenye muhuri, itakuwa vigumu kwao kuomba chai.